Mti wa kivuli: tazama ukuta wa magharibi kwanza

Watu wengi wanaotaka kivuli nyumbani huniuliza kwanza wapande mti gani. Mimi huuliza ni ukuta upi unaochomwa na jua, na saa ngapi. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mchana jua huwa juu sana mwaka mzima na kivuli cha mti hubaki chini ya matawi yake. Saa hizo kinachopigwa ni mabati, na mti wa kando hausaidii. Joto linalobaki chumbani hadi usiku huingia alasiri, kupitia ukuta wa magharibi.

Huku kwetu jua hufika kilele karibu saa saba kasorobo. Kutoka hapo huteremka nyuzi 15 kila saa. Saa kumi kasorobo liko nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, na kivuli kina urefu sawa na mti. Saa kumi na moja kasorobo liko nyuzi 30, na kivuli kimefika mara 1.7 ya urefu huo. Sasa chukua mti wa mita 8 uliopandwa mita 5 kutoka ukuta wa mita 3: ikifika saa kumi kasorobo, kivuli kimeufunika ukuta mzima. Ukiupeleka mita 8, wakati huo kivuli ndicho kwanza kinagusa msingi, na ukuta hupoa karibu saa nzima baadaye.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyasahau. Mwezi wa Juni jua huegemea kaskazini, na Desemba kusini, hivyo kivuli cha mti ule ulio mita 5 kutoka ukuta husogea ukutani karibu mita 3 upande huu au ule. Mti wenye kichwa chembamba utakosa dirisha miezi kadhaa. Pili, jua la saa kumi na mbili kasorobo hupenya chini ya matawi. Ukishapunguza matawi hadi mita 2.5 ili watu wapite, panda ua wa vichaka chini yake.

Udongo nao una neno. Kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, mita 5 ni karibu mno kwa mti unaokunywa maji mengi. Mizizi hukausha udongo, udongo hujikunja, msingi hupasuka. Hapo heri kivuli kichelewe: weka umbali usiopungua urefu ambao mti utafikia. Mkaratusi usiupande kabisa karibu na nyumba.

Kuhusu aina, terminalia, ile yenye matawi ya ghorofa, ndiyo chaguo langu la kwanza kwa kiwanja cha kawaida cha nyumba, kwa sababu hutanuka kwa ubapa. Siala (Markhamia) inastahimili na haina usumbufu, ila kichwa chake ni chembamba, panda miwili. Mringaringa (Cordia) ni mzuri kwa nyuki na una kichwa kipana, lakini hupukutisha majani kiangazi, wakati unaokihitaji kivuli zaidi. Kisumu, mwembe hushinda karibu yote kwa kivuli kizito. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, mwembe hukua polepole mno. Fikasi zile za mapambo huinua saruji na kutafuta mabomba. Na linden, mti wa Ulaya unaopandwa kando ya barabara za Berlin, aachwe huko. Anahitaji majira ya baridi ili apumzike, nasi hatuna.

Panda mvua za Machi zikishashika. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando na wa chini kando. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwenye udongo mweusi usichimbe kina hicho: shimo hugeuka beseni na mizizi hukosa hewa. Tengeneza tuta la sentimita 30, lenye upana wa mita moja na nusu, kisha upande mti juu yake. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru hupitisha maji haraka, kwa hiyo ongeza debe la pili la samadi na utandaze nyasi kavu, ukiziacha sentimita 15 mbali na shina kwa sababu ya mchwa.

Kwenye nasari ya miche, kataa mche mrefu uliozidi tubu yake, yaani mfuko uliooteshewa. Mizizi imejizungusha, na miaka mitano baadaye huukaba mti wenyewe. Chana tubu yote, uiondoe. Shingo ya shina ibaki usawa wa ardhi, isizikwe. Kiangazi cha kwanza mwagilia jerikeni la lita 20 mara mbili kwa wiki, polepole. Kikombe cha kila jioni hulowesha juu tu na kufundisha mizizi kukaa juu.

Matawi ya chini yaache miaka miwili yanenepeshe shina, kisha uyaondoe kidogo kidogo, bila kuzidi robo ya majani kwa mwaka. Kukata kichwa cha terminalia ili “isirefuke” ni uharibifu: machipukizi yanayotoka hapo hushika juujuu, na ndiyo yanayovunjika kwa upepo na kuangukia mabati.