Hofu ya sukari kushuka: ni nini hasa?

Usiku wa manane mtu mwenye kisukari anayechoma insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu, anashtuka usingizini. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, shuka limelowa jasho. Sukari imeshuka, au ni wasiwasi tu?

Kwa kuhisi peke yake hatajua, na si kosa lake. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita huhesabiwa kuwa imeshuka, na mwili humwaga adrenalini, homoni ya kushtuka, ili ini litoe akiba yake ya sukari. Mtu akiingiwa na hofu, adrenalini hiyohiyo humwagika. Ndiyo maana mtetemo ni uleule na jasho ni lilelile.

Hofu ya sukari kushuka ni ule woga unaobaki baada ya kisa kibaya: mtu alianguka sokoni, akazinduka ana dripu mkononi, akasimuliwa kwamba alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka mbele ya wanawe. Tangu siku hiyo anaogopa kulala peke yake, anaogopa kupanda basi la safari ndefu. Woga huu una msingi, maana sukari ikishuka mno huleta degedege, kuzimia, hata kifo. Watafiti wa Marekani walichapisha dodoso la kuupima mwaka 1987, kwa hiyo si jambo la kuambiwa "jikaze".

Ubaya wake ni kwamba humfanya mtu aishi na sukari ya juu kwa makusudi. Anapunguza dozi kimyakimya. Anaruka sindano ya jioni. Anakula tena kabla ya kulala ilhali kipimo kinasoma 12. Usiku ule anapita salama, lakini macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguuni vinaumia polepole. Akienda kliniki anafokewa kwamba hafuati masharti, naye anaona aibu kusema kwamba anaogopa. Nadhani hapo ndipo tunapowapoteza wengi: tunamwita mkaidi mtu mwenye hofu.

Hofu nayo haikai kando ikitazama. Adrenalini na kotisoli, homoni nyingine ya wasiwasi, hupandisha sukari, kipimo kinasoma juu, wasiwasi unaongezeka. Tena aliyezoea kukaa kwenye 15 kwa miezi anaweza kutetemeka sukari ikiteremka hadi 7 tu, kwa sababu mwili umeshaizoea ile ya juu. Dalili ni za kweli ingawa sukari haijashuka, na akitibiwa kwa utaratibu kawaida huisha.

Kwa hiyo pima kwanza. Kama vijiti vya kupimia vimekwisha, na vijiti ni ghali, chukulia kuwa imeshuka: sukari ikipanda kidogo kwa saa chache, hasara yake ni ndogo kuliko kuzimia. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au kunywa nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, kisha kula chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, awahishwe hospitali.

Halafu mwambie daktari kuhusu hofu yenyewe. Mara nyingine chanzo ni dawa. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, huweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu, wakati metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Dozi au dawa inaweza kubadilishwa, na wasiwasi wenyewe una matibabu, yakiwemo mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia.

Taja pia dawa za presha unazotumia. Propranololi na jamii yake huficha mtetemo na mapigo ya moyo hata sukari ikiwa imeshuka kweli, lakini jasho haizuii. Anayetumia dawa hizo akilowa jasho la ghafla, apime sukari hata kama mikono imetulia.