Upele wa surua: mnasubiri nini nyumbani?

Surua ni nini?
Ni ugonjwa wa virusi unaoenea kwa hewa. Mgonjwa akitoka chumbani, virusi huweza kubaki hewani hadi saa 2. Huanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Upele hufuata baada ya siku chache, ukianzia usoni na nyuma ya masikio.

Bibi wa mtoto anasema upele ni uchafu unaotoka mwilini. Kweli?
Shikamoo zake bibi, lakini si kweli. Virusi vya surua hubeba maelekezo yao ya kujizalisha kwenye molekuli iitwayo RNA. Vikijizalisha ndani ya seli ya ngozi, hutokea RNA ambayo seli yenyewe haina kawaida ya kuitengeneza. Seli ina walinzi wa kuinusa, na wawili kati yao wanaitwa RIG-I na MDA5. Wakiigundua, taarifa hufika hadi kwenye kiini cha seli na jeni zilizokuwa zimelala huamshwa. Hapo seli hutoa interferoni, inayowatahadharisha majirani, pamoja na kemikali za kuita chembe nyeupe za damu. Mishipa midogo hutanuka, chembe hizo humiminika na kuzishambulia seli zilizoambukizwa. Wekundu unaouona ni hayo mapambano.

Surua ni mjanja, mwanzoni huwaziba midomo walinzi hao. Ndiyo maana siku kama 10 hupita mtoto akicheza tu.

Basi tusubiri upele utoke wote ndipo tumlete?
Hapana. Mtoto hafi kwa upele. Huku nyie mnahesabu vipele, virusi viko mapafuni na tumboni, na kinga imeshuka. Nimonia na kuhara ndivyo vinavyoua.

Na usipotoka kabisa?
Msishangilie. Mtoto ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano mwenye VVU asiyetumia dawa, anaweza kuwa na surua kali bila kipele hata kimoja.

Akichomwa sindano, si upele utarudi ndani aje kufa?
Hapana, hapana, na kesho ukiniuliza nitasema hapana. Hakuna kitu cha kurudi ndani. Wanaofia mikononi mwetu baada ya sindano mara nyingi wameletwa siku ya tano wakiwa hoi, kisha lawama anapewa nesi. Isitoshe, dawa muhimu hapa si sindano: ni vitamini A ya matone mdomoni, leo na kesho, yuniti 200,000 kila siku kwa mtoto wa mwaka 1 na zaidi, mdogo zaidi hupewa pungufu. Inapunguza vifo na kuokoa macho.

Tunamkamulia majani machoni.
Acheni! Surua peke yake inaweza kupofusha, nyie mnaisaidia.

Aletwe lini?
Siku ileile unapoona homa na upele. Akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya, akidegedeka au akilegea, hata usiku wa manane. Mkifika mseme mapema getini, maana huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake.

Alichanjwa akiwa na miezi 9. Inatosha?
Dozi hiyo huwakinga watoto takribani 85 kati ya 100. Ya pili ni miezi 18, na ndiyo ninayoikuta tupu kwenye kadi nyingi. Mama, hebu nione yako.