Rameni ya Tokyo: yanayovumishwa na yaliyomo bakulini

Kila mwaka kuna kijana wa kwetu anayepata nafasi ya kusoma Japani, na kabla hajapanda ndege ameshajazwa maneno kuhusu chakula cha huko. Mengi ni ya rameni, yaani zile tambi ndani ya supu zinazouzwa kwenye migahawa midogo ya viti 8 au 10, iliyobanwa pembeni mwa stesheni na chini ya madaraja ya reli. Nami nilikwenda Tokyo nikiwa na maneno hayo kichwani. Nimeona yanavyowatesa watu: mmoja analala njaa akiamini mahali kama pale hapaingiki bila kujua Kijapani, mwingine anakula asichotaka kula akidhani yuko salama.

Kaka mmoja wa Tanga aliyenitangulia chuoni alikuwa huyo wa pili. Alikula rameni ya soya sosi kwa miezi akiwa na hakika kwamba haina nguruwe. Siku alipoelezwa kilichokuwa kwenye supu, alinyamaza muda mrefu. Basi na nianze na hilo.

Dhana: Ukiagiza ya soya sosi, umemkwepa nguruwe

Ukweli: hapana, na kosa linaanzia kwenye majina. Ukutani utakuta manne yakijirudia: shio, maana yake chumvi, shoyu, yaani soya sosi, miso, rojo ya soya iliyochachushwa, na tonkotsu. Matatu ya mwanzo yanataja kikolezo. La nne linataja mifupa: mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa moto mkali saa nyingi hadi supu ikawa nyeupe kama tui. Mgeni huyasoma yote manne kana kwamba ni ya aina moja, akaona nguruwe katajwa kwenye moja tu, akachagua jingine kwa moyo mweupe.

Tazama mpishi anavyopanga bakuli. Kwanza anamimina kikolezo kizito kinachoitwa tare. Juu yake inakuja supu, halafu mafuta ya kutia harufu, kisha tambi, na mwisho vya juu: vipande vya nyama, yai, majani ya kitunguu, karatasi ya mwani. Neno shoyu limekueleza kile kilichotangulia chini ya bakuli, basi. Supu iliyofuata inaweza kuwa ya kuku, ya dagaa wakavu, ya mifupa ya nguruwe, au ya vyote hivyo pamoja, na mara nyingi ni mchanganyiko. Mafuta nayo yanaweza kuwa shahamu ya nguruwe. Vile vipande vya nyama vya juu, chashu, kwa kawaida ni nguruwe.

Yule kaka alikuwa akisema "butaniku nuki", yaani bila nyama ya nguruwe, na kila mara alikubaliwa kwa heshima: chashu ziliondolewa, supu ikabaki ileile. Mhudumu hakumdanganya. Aliulizwa kuhusu nyama, akajibu kuhusu nyama. Swali la kuuliza ni kama supu, mafuta na tare vina chochote kitokanacho na nguruwe. Jifunze pia kuitambua herufi 豚, inayosomwa buta au ton. Ukiiona kwenye orodha ya viambato, umepata jibu, ingawa kutoiona hakukuhakikishii kitu.

Hata rameni ya supu nzito ya kuku inaweza kuwekewa chashu ya nguruwe, na tambi za wateja wote huchemshwa kwenye sufuria moja. Soya sosi nyingi za Kijapani zina alkoholi kidogo, ama iliyotokana na kuchachuka kwenyewe ama iliyoongezwa ili isiharibike. Hilo la mwisho ni la kumuuliza sheikh wako, mimi siliingilii. Ila ujue lipo.

Habari njema ni kwamba Mwislamu hahitaji kuishi Tokyo bila rameni. Kule Asakusa kuna Naritaya, inayopika rameni ya halali, na si yenyewe tu. Ndani ya stesheni ya Tokyo kuna T's TanTan, isiyotumia nyama, samaki, mayai wala maziwa. Kwa anayeogopa nguruwe ni nafuu kubwa, japokuwa kukosa nyama na kuwa halali si kitu kimoja. Ukiwa mgeni kabisa, nenda Ijumaa kwenye msikiti wa Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Waumini wa pale wanajua migahawa ipi imefunguliwa na ipi imefungwa kuliko orodha yoyote ya mtandaoni.

Dhana: Rameni ni ile Indomie, bakuli ndilo tofauti

Ukweli: tambi za pakiti ni mtoto, si mzazi. Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, aliziingiza sokoni mwaka 1958, baada ya kugundua kwamba tambi zikikaangwa kwenye mafuta zinakauka na kuhifadhika, kisha zinarudi kuwa laini kwa maji ya moto. Za kikombe zilifuata 1971. Wakati huo rameni ya mgahawani ilikuwa na umri wa mtu mzima: Rairaiken, mgahawa ulioifanya ijulikane Tokyo, ulifunguliwa Asakusa mwaka 1910.

Wengi husema zile tambi ni za manjano kwa sababu ya mayai. Zipo zenye mayai, lakini rangi ile na ule mnyumbuko wa kuvutika bila kukatika vinatokana na kitu tunachokijua vizuri sana huku kwetu: magadi. Wajapani hukiita kansui, mchanganyiko wa chumvi za aina ya magadi unaokandiwa pamoja na unga wa ngano, maji na chumvi ya kawaida. Bibi anayetia magadi kwenye maharage yaive upesi na mpishi wa Tokyo anayekanda tambi wameshika chumvi za ukoo mmoja. Nilipolijua hilo, harufu ya tambi mbichi ikaacha kuwa ngeni kwangu.

Dhana: Ni chakula cha jadi cha Wajapani, tangu enzi za samurai

Ukweli: asili yake ni China. Ilishuka na Wachina waliohamia kwenye miji ya bandari kama Yokohama, na wapishi wa Rairaiken waliletwa kutoka mtaa wa Wachina wa Yokohama. Kwa miaka mingi iliitwa shina soba, tambi za China. Baada ya Vita Kuu ya Pili kuisha mwaka 1945, mchele ulipoadimika na ngano ya Marekani ikamiminika, rameni ikawa chakula cha wenye njaa, ikiuzwa kwenye mikokoteni usiku. Muuzaji alipiga charumera, ala ya ukoo mmoja kabisa na zumari letu la pwani, watu wakajua supu imepita. Leo Wajapani wanaiona ni yao, kama sisi tunavyoiona chapati. Sioni ubaya.

Dhana: Bila Kijapani huwezi kuagiza

Ukweli: ni kati ya mahali rahisi kuagiza ukiwa bubu. Migahawa mingi ina mashine ya tiketi mlangoni. Unatia pesa, unabonyeza kitufe, tiketi inatoka, unaiweka juu ya kaunta mbele ya mpishi, umemaliza. Ukikwama kabisa, kitufe cha juu kushoto mara nyingi ndicho cha rameni ambayo mgahawa unajivunia (kwa aliyesoma sehemu ya nguruwe hapo juu, usibahatishe). Mashine ipo ili mpishi mmoja au wawili waendeshe mgahawa mzima bila mkono ulioshika tambi kugusa pesa. Beba noti za yeni 1,000 na sarafu, kwani mashine nyingi hazipokei noti kubwa, na baada ya noti mpya kutoka Julai 2024 zipo mashine za zamani ambazo hazikuzitambua hata hizo mpya.

Foleni ina sheria zake. Kwingine unakata tiketi kwanza ndipo unapanga mstari, kwingine kinyume chake, angalia waliokutangulia. Na usimsimamishe mmoja akushikie nafasi wewe na wenzako watatu. Sehemu nyingi hilo halikubaliki, nami naona wana haki.

Dhana: Lazima uvute tambi kwa sauti, usipofanya hivyo umemtukana mpishi

Ukweli: ruhusa ipo, amri haipo. Sisi tuliolelewa kwamba mlo wa mlio ni utovu wa adabu tunapata shida mwanzoni, lakini sauti ile ina kazi. Ukivuta tambi pamoja na hewa zinapoa njiani, na harufu ya supu inapanda kutoka kooni hadi puani, ukaionja kwa namna ambayo mdomo uliofungwa hauionji. Usipoweza, kula polepole kwa vijiti na kijiko. Hakuna atakayekutazama.

Kuna na wanaosema ni lazima umalize supu. Si lazima, na kiafya ni afadhali usiizoee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja likinywewa lote linaweza kupita hapo. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo iko kwenye supu. Mwenye shinikizo la damu na aibakishe bila kuona haya.

Dhana: Ukimaliza tu wanataka utoke, hawapendi wageni

Ukweli: hili limewaumiza wengi, nami pia siku za mwanzo. Kwetu mgeni akila haraka na kuondoka, mwenye nyumba hujiuliza kamkosea nini. Pale mambo ni tofauti. Tambi zikikaa ndani ya supu zinainywa na kuvimba. Mpishi aliyezihesabia sekunde kwenye maji anaumia akikuona unapiga picha huku zinaharibika. Nje wapo watu wamesimama kwenye baridi. Na bei nayo: kwa miaka mingi wateja wameona rameni ya kupita yeni 1,000 ni ghali, hata viungo vilipopanda, hivyo mgahawa wa viti 8 unaishi kwa viti vinavyozunguka. Mjapani naye hakai. Watu hula peke yao, bega kwa bega, kimya, na hakuna anayemhurumia mla pekee. Kampuni ya migahawa ya rameni ya Ichiran hata imetenganisha viti kwa vibao ili kila mtu abaki na bakuli lake.

Kimya hicho hakina maana kwamba huna usemi. Kwenye rameni za mtindo wa Hakata, sehemu ya mji wa Fukuoka, utachagua ugumu wa tambi, na zikiisha utaagiza "kaedama", fungu jingine la kutumbukiza kwenye supu iliyobaki. Kwenye mtindo wa Yokohama utaulizwa ugumu wa tambi, ukali wa kikolezo na wingi wa mafuta. Na ukiingia mgahawa wa Ramen Jiro, ukaulizwa "ninniku iremasu ka", wanataka kujua kama utiwe kitunguu saumu, na hapo ndipo pa kutaja pia mboga na mafuta unayotaka yaongezwe.

Dhana: Ni chakula cha bei nafuu, kwa hiyo ni cha kulipulia

Ukweli: Desemba 2015 wakaguzi wa Michelin, kitabu maarufu kinachopima migahawa, waliipa nyota Tsuta, mgahawa wa rameni wa viti tisa mtaani Sugamo, Tokyo. Ulikuwa wa kwanza wa rameni kupata nyota hiyo. Wenye kujua kilichomo ndani ya supu ya siku nzima hawakushangaa.

Dhana: Acha bakshishi, ni heshima

Ukweli: usiache. Mhudumu atakukimbilia barabarani kukurudishia, akidhani umesahau pesa zako. Shukrani ina njia yake pale. Nyanyua bakuli uliweke kwenye ubao wa juu wa kaunta, pangusa mbele yako kwa kile kitambaa kilichowekwa, na ukifika mlangoni sema "gochisosama deshita". Mpishi atakuitikia kwa sauti, mgongo umekugeukia, mikono iko kwenye bakuli la anayekaa kwenye kiti chako.