Prorogue: sio kuvunja Bunge
Hiki kitenzi cha Kiingereza, prorogue, wengi walikisikia kwa mara ya kwanza 2019 kwenye habari za Uingereza wakadhani ni kuvunja Bunge. Hapana jamani. Bunge likivunjwa wabunge wanapoteza viti na nchi inaingia kwenye uchaguzi, likiahirishwa wanaenda mapumziko wakirudi wanaendelea walipoachia, sasa prorogue iko katikati, mbunge anabaki mbunge ila msimu wa Bunge umefungwa, hamna vikao, hamna maswali kwa mawaziri, na miswada mingi ambayo haijapita inakufa hapohapo.

Kwa asili maana yake ilikuwa karibu kinyume kabisa. Kilatini ni prorogare, pro ni mbele, rogare ni kuuliza au kuomba. Warumi mswada waliuita rogatio, sababu kiongozi alisimama akawauliza raia, mnakubali au hamkubali? Na konsuli wao, yaani kiongozi mkuu wa dola na jeshi, alikaa madarakani mwaka mmoja tu. Sasa mwaka 326 KK Quintus Publilius Philo alikuwa ameuzingira mji wa Neapolis, Napoli ya leo, muda wake ukaisha vita bado haijaisha, na kumtoa pale ingekuwa hasara tupu, ikabidi raia waulizwe, wakakubali aongezewe muda aendelee kuamrisha jeshi kama konsuli. Hiyo ndo prorogatio, yaani kurefusha.

Baadaye kurefusha muda kukageuka kusogeza tarehe, neno likapitia Kifaransa likaingia Kiingereza karne ya 15 likang'ang'ania Bungeni: kikao kinasogezwa mbele. Ile sehemu ya kuuliza ndo imepotea, maana siku hizi wabunge hawapigi hata kura.

Ndo maana 2019 palichimbika. Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, alimshauri Malkia Elizabeth afunge Bunge kuanzia Septemba hadi tarehe 14 Oktoba, wakati Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilikuwa inasubiriwa tarehe 31 mwezi huohuo. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakiongozwa na rais wa mahakama hiyo, Lady Hale, wakasema kwa kauli moja ni kinyume cha sheria, ni batili, kwahiyo kisheria Bunge halikuwahi kufungwa na kesho yake wabunge wakarudi kazini.

Kenya nao walikuwa na hii kitu, kifungu cha 59 cha katiba ya zamani kilimruhusu rais aifanye muda wowote akitaka. Katiba ya 2010 ikaiondoa, sasa Bunge linajipangia kalenda yake lenyewe.