Lipindue sanduku la zana kabla ya kuuliza unene wa bati

Watu wanaonijia kutaka ushauri juu ya sanduku la zana la kuweka kwenye banda la uani huanza takriban wote na suali lile lile: "Fundi, bati lake nene?" Juzi nimeulizwa tena, na safari hii muulizaji alikuwa ameshalipa, sanduku liko juu ya gari, naye analigonga ubavuni kwa vifundo vya vidole ili nisikie linavyolia. Nimeona niandike jibu kwa urefu, kwa sababu imani iliyo nyuma ya suali hili inawatia watu hasara Unguja na Pemba. Wanaamini kwamba sanduku zito ndilo imara, na kwamba chuma kinene hakishiki kutu. La kwanza lina ukweli wa sehemu; la pili si kweli hata kidogo.

Unene niumalize upesi. Bati hupimwa kwa geji, na geji huhesabiwa kinyume: namba ikizidi, unene unapungua. Geji 18 ni kama milimita 1.2, na geji 24 ni kama milimita 0.6. Asiyeamini kibandiko cha dukani na apime kwa mizani, kwani mita moja ya mraba ya chuma cha milimita moja ina uzito wa karibu kilo 8. Unene unatakiwa pale penye mzigo, yaani kwenye mihimili inayoshika reli za droo na kwenye pembe za kitako. Ubavu wenyewe haubebi kitu, na bati la geji 22 lililokunjwa kingo zake vizuri hukaa wima kuliko la geji 18 lililokatwa na kuachwa bila ya mkunjo. Jaza droo moja vyuma, ivute mpaka mwisho, ikandamize kwa mkono kwenye ukingo wa mbele, kisha tazama kama mwili wa sanduku unajipinda. Jaribio hilo linaeleza mengi kuliko kugonga.

Sasa kutu. Chuma huliwa kwa kasi pale unyevu wa hewa unapopita kiasi cha asilimia 60, na visiwani kwetu hewa hukaa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, masika ndiyo usiseme. Juu ya unyevu huo ipo chumvi. Pepo za kusi na za kaskazi zote hupita baharini kabla ya kutufikia, nazo huleta chembe za chumvi ambazo jicho halizioni. Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe kwa maji ya hewani pale unyevu unapofika kama asilimia 75, na chumvi ya bahari imechanganyika na kloridi ya magnesi, ambayo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Kwa hiyo sanduku unaloliona kavu linaweza kuwa limevaa utando wa maji ya chumvi mchana kutwa, na utando huo hauchagui unene. Chuma cha milimita 1.2 na cha milimita 0.6 vikiachwa wazi huanza kutu siku ile ile moja. Kinene kitachelewa kutoboka, hilo nakubali, lakini patasi na randa zilizomo ndani hazitangoja bati litoboke ndipo nazo ziharibike.

Tena kutu haianzi katikati ya ubavu uliopakwa rangi nzuri, pale mnunuzi anapogonga. Huanza kwenye mikunjo, kwenye nukta za kuchomelea na chini ya kitako, ambako rangi ilifika kidogo au haikufika kabisa. Bati mbili zikilaliana, kati yake hubaki uwazi mwembamba unaonyonya maji na kukataa kuyaachia. Na kwa vile kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, huvimba, ikausukuma mkunjo, rangi ikapasuka na maji yakapata njia pana zaidi. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: lipindue. Lilaze sanduku chali, angalia kitako chake kwa mwanga wa kutosha, na upitishe kidole kwenye kila mkunjo. Ukiona chuma kitupu, au duara za rangi ya samawati na kahawia zilizoachwa na moto wa kuchomelea bila ya kufunikwa, au rangi inayobanduka kwa ukucha, basi sanduku hilo limeshaanza kuoza likiwa bado dukani, hata kama linahitaji watu wanne kulinyanyua. Muuzaji akikukataza kulipindua, usinunue.

Mahali pa kuliweka ni sehemu ya uchaguzi huo huo, kwa sababu sanduku lisilo na miguu haliwezi kuwekwa vizuri popote. Nyumba zetu nyingi za zamani, za Mji Mkongwe na za mashamba, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Hiyo ndiyo sababu plasta karibu na sakafu huchanua unga mweupe na kumeguka. Sanduku lililosukumwa mpaka likagusa ukuta huo, likakaa kitako juu ya saruji, huwa linakunywa kutoka pande mbili. Asubuhi mlango unapofunguliwa na hewa ya joto yenye unyevu ikaingia, umande hutua juu ya kitu kilicho baridi kuliko vyote, na chuma kilicholala sakafuni usiku kucha ndicho hicho. Waliotengeneza makasha ya njumu, yaani yale ya mbao yenye mapambo ya shaba, walilijua jambo hili, na makasha mengi ya kale unayakuta yamekaa juu ya miguu ya mbao, upepo ukipita chini. Sanduku la zana nalo nalitaka liwe shubiri moja kutoka sakafuni na shubiri nyingine kutoka ukutani. Nikilazimika kuchagua baina ya sanduku jepesi lenye miguu na zito lisilo na miguu, nachukua lenye miguu bila ya kusita.

Linaloniudhi kuliko yote, hata hivyo, ni zulia. Mtu ananunua sanduku zuri, analiweka mahali panapofaa, kisha anatandika kila droo kipande cha zulia au sifongo la godoro, eti vyombo visigongane. Sifongo hunywa unyevu wa masika na kuuhifadhi hata mvua zikishapita, na jasho la mikono, ambalo nalo lina chumvi, hubaki humo humo. Ukiinyanyua patasi iliyolazwa juu yake unakuta uso wa juu unang'aa na mgongo wake umechorwa kutu ya vidoadoa, kila kidoa kimefuata kishimo chake cha sifongo kama muhuri. Hapo patasi imeshapata mashimo madogo, na makali yake hayatasimama tena sawasawa mpaka mgongo wote usagwe upya kwenye jiwe. Na mwenye sanduku hulaumu bati! Kata vijiti viwili vya mbao kavu, vitie mapengo, kila patasi ilale kwenye pengo lake bila ya kugusa kitako cha droo. Gharama yake ni mabaki ya mbao yaliyomwagwa chini ya meza yako.

Kwa sababu mimi ni seremala, msomaji atangoja nipigie debe sanduku la mbao, na kwa kiasi fulani nitafanya hivyo. Mbao hunywa unyevu na kuutoa polepole, haidondokewi na umande kama chuma, na mvule, mninga au msaji uliokauka vizuri haushambuliwi kwa urahisi na mchwa. Lakini si kila mbao. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambao siku hizi umejaa madukani, huvimba ukinywa maji, skrubu zikalegea na zisikaze tena. Zaidi ya hapo hutoa mvuke wenye asidi kidogo, na ndani ya sanduku lililofungwa mvuke huo hula chuma taratibu. Kitako cha sanduku la mbao kiingizwe kwenye mfereji bila ya gundi ili kipate kutanuka na kunywea. Kikigandishwa pande zote kitapasuka au kitazisukuma pembe zifunguke. Droo iliyotengenezwa wakati wa kaskazi ikabana kama kizibo itagoma masika, kwa hiyo muombe fundi aache nafasi, na usimlaumu kwa uwazi huo.

Kuna jambo dogo linaloua masanduku ya mbao kuliko mchwa, nalo ni skrubu. Bawaba za shaba zikifungwa kwa skrubu za chuma, chuma ndicho kinacholiwa, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile iliyo dhaifu hujitoa kafara kwa ajili ya nyingine. Mbao zenye tanini nyingi, ile dawa ya asili ya mti inayotumika kulainishia ngozi, nazo hugeuka nyeusi kuzunguka kichwa cha skrubu ya chuma. Ukiona duara jeusi hapo, jua mwili wa skrubu ndani ya mbao umeshakuwa mwembamba. Shaba ifungwe kwa shaba.

Magurudumu yana faida pale sakafu ilipo sawa tu, na yawe ya mpira mgumu wenye breki. Reli za gololi huja na kiwango cha uzito, na nyingi za kawaida hubeba kama kilo 45 kwa jozi. Droo ya vyuma vya jiliwa na nyundo inafika huko mapema kuliko unavyodhani. Vizito viwekwe chini, na kama sanduku halina kizuizi kinachoruhusu droo moja tu kufunguka kwa wakati mmoja, usizivute mbili za juu kwa pamoja zikiwa zimejaa, litakuangukia.

Jambo ambalo vitabu vina uhakika nalo kuliko mimi ni hewa ya ndani. Vitabu vinasema sanduku lizibwe kabisa na ndani yake kuwekwe vifuko vya chembe za kunyonya unyevu. Kwa fundi anayelifungua mara moja kwa mwezi, nakubali. Kwa anayelifungua asubuhi, adhuhuri na magharibi, kila ufunguzi huingiza hewa ya nje, vifuko hushiba, na sanduku lililozibwa hugeuka kuwa chungu cha kufungia mvuke. Kwa hiyo masanduku ya kazi ya kila siku huyatoboa matundu madogo nyuma, juu na chini, na kuyafunika kwa wavu mwembamba wa kuzuia mende, lakini siwezi kuapa kwamba njia yangu inashinda kwenye nyumba iliyo pwani kabisa, ambako tundu la hewa ni tundu la chumvi pia. Kafuri, ambayo mafundi wazee huiweka kwenye droo, sijaona ikizuia kutu, ingawa sijamkataza mtu kuiweka.

Kwa aliyekwisha kununua, lisimamishe sanduku juu ya vipande viwili vya mbao ngumu na ulitenge na ukuta. Kwangua mikunjo ya kitako mpaka chuma kitupu, ioshe chumvi kwa maji ya bomba, ikaushe kabisa juani, kisha paka rangi ya kutangulizia ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya juu. Zulia litoe leo. Kila chombo kipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine kabla ya kurudi ndani, na yasiwe mafuta ya kupikia, ambayo huganda yakawa utando unaonata na kushika vumbi.