Asidi haiondoi doa, inakula jiwe

Wenye nyumba za kurithi Mikindani, Kilwa na Lindi mjini, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, hii inawahusu. Wenye sakafu za sementi za zamani pia.

Eti ndimu, siki au maji ya betri ndo dawa ya doa. Hapana jamani. Matumbawe na chokaa ni kalsiamu kaboneti, ukimwagia asidi povu linachemka na watu wanafurahi "uchafu unatoka huo", kumbe povu lile ni gesi ya kaboni dayoksaidi na kinachotoka ni jiwe lenyewe. Pakikauka pitisha kidole, pamekuwa kama msasa, na pakiwa hivyo panashika uchafu kuliko mwanzo. Sementi nayo inaliwa vilevile.

Jiki je? Kwa ukungu wa kijani inasaidia ukiizimua na maji mengi na kusuuza vizuri, ila kutu haitoi ng'o. Na usije ukaichanganya na hiyo asidi, inatoa gesi ya klorini, utaishia hospitali kwa ajili ya doa.

Sasa doa letu la huku, korosho. Mtu kabangulia barazani, mafuta ya ganda yamemwagika, pamebaki peusi, anakimbilia brashi ya waya. Ile inachubua uso na kuacha vichembe vya chuma, na kwa hewa hii ya bahari vinapata kutu upesi, una madoa mawili sasa. Mafuta yameshazama ndani, yanatakiwa kuvutwa. Vaa glovu (yale mafuta yanababua), changanya poda ya mtoto na sabuni ya maji na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, paka unene wa nusu sentimita hivi, funika na nailoni mpaka kesho, halafu funua uache ikauke yenyewe maana hapo ndo inanyonya, kisha bandua kwa kipande cha mbao. Rudia. La siku nyingi litafifia tu na mi naona inatosha, nani kasema jiwe la zamani lazima ling'ae?

Ule unga mweupe ukutani sio fangasi, mara nyingi ni chumvi iliyoletwa na unyevu, fagia ukiwa mkavu, ukimwagia maji unairudisha ndani. Kuziba na plasta ya sementi ndo balaa kabisa, unyevu unakosa pa kutokea.

Mashine ya kuoshea magari iacheni kwenye magari, inang'oa chokaa ya kwenye maungio. Ndoo ya maji na brashi laini, na anza chini kwenda juu, ukianzia juu maji machafu yanachuruzika kwenye ukuta mkavu, unayanywa, unabaki na michirizi.