Bangili ya shaba kwenye mlango wa IRM

Wiki iliyopita mzee mmoja aliyestaafu kazi ya tanuru alinikuta nikitoka darasani. Alikuwa amepigwa picha ya mgongo kwa IRM, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili (Waingereza huiita MRI), na pale mlangoni walimwambia avue bangili yake ya mukuba, ile ambayo wazee wengi wa hapa Lubumbashi huivaa kwa ajili ya maumivu ya viungo. (Mukuba ndiyo shaba, kwa wasomaji wa mbali.) Aliivua, lakini hakuridhika. "Mwalimu," akaniuliza, "mimi nimeishi na mukuba tangu ujana. Sumaku haivuti mukuba. Sasa waliogopa nini?"

"Ni kweli, Papa, haivuti." Ila ndani ya IRM kuna mawimbi ya redio na uga wa sumaku unaobadilika kwa haraka, na vitu hivyo viwili vikikuta duara la shaba huamsha umeme ndani yake. Umeme huo hupasha joto, na ngozi iliyo chini ya bangili inaweza kuungua. Picha nayo huharibika.

Kisha nikamwambia kwamba mashine iliyoikataa bangili yake imejaa shaba. Kuta za chumba zimefunikwa kwa mabati ya shaba, kwa sababu ishara za mwili ni dhaifu na redio za mjini zingezizamisha: katika sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), protoni za hidrojeni zilizomo katika maji ya mwili huitikia kwenye megahezi 64 hivi, chini kidogo ya stesheni za FM. Antena zinazowekwa juu ya mgonjwa ni za shaba. Na waya wa sumaku yenyewe, ukiukata na kuutazama, sehemu kubwa ni shaba.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuchukua saa nzima, kwa sababu umeme wa sumaku ile haupiti kwenye shaba.

Mwaka 1911, mwaka uleule ambao tanuru la Union Minière, kampuni ya madini, lilimwaga shaba yake ya kwanza hapa mjini, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walikuwa Leiden, Uholanzi, wakipoza zebaki kwa heli ya majimaji, gesi iliyopozwa hadi ikawa majimaji. Walipofika karibu na digrii 269 chini ya sifuri, ukinzani wa umeme ndani ya zebaki ulitoweka ghafla. Tunaziita metali za namna hiyo superkondakta. Umeme ukishaingizwa katika duara la waya wa aina hiyo huzunguka bila kusukumwa tena, na ndiyo maana sumaku ya IRM hubaki na nguvu usiku na mchana, mamia ya ampea yakizunguka ndani yake.

Nadharia iliyoeleza jambo hilo ilichelewa hadi 1957, ilipoandikwa na John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Elektroni inapopita kati ya atomi huzivuta kidogo kuelekea kwake. Msogeo huo mdogo wa atomi huivuta elektroni nyingine inayofuata nyuma, na elektroni mbili ambazo kwa kawaida hukimbiana zikawa jozi. Jozi zote huenda kwa mwendo mmoja, hivyo haiwezekani tena kuiyumbisha moja peke yake. Wanafunzi wangu huona ugumu hapa, nami huwaambia wasiharakishe. Wakishalishika jambo hili, fumbo la shaba linafunguka lenyewe.

Kinachozuia umeme katika waya wa kawaida ni mitetemo ya atomi: elektroni hugongana nayo na kupoteza njia. Katika shaba, elektroni na mitetemo hiyo hazisumbuani sana, ndiyo sababu shaba ni waya mzuri. Lakini jozi za elektroni zinaundwa na uhusiano huohuo kati ya elektroni na mitetemo. Pale ulipo dhaifu, jozi hazifungiki. Kwa hiyo shaba, fedha na dhahabu, metali tatu zinazopitisha umeme vizuri kuliko zote, hazijaonekana kuwa superkondakta hata zikipozwa kiasi gani. Metali ya risasi, ambayo katika joto la kawaida hupitisha umeme vibaya kuliko shaba mara kumi na zaidi, inakuwa superkondakta ikifika karibu na digrii 266 chini ya sifuri.

Papa alinyamaza kidogo. "Basi mukuba uko ndani ya ule waya wa nini?"

Waya wa IRM una nyuzi za aloi (mchanganyiko wa metali) ya niobi na titani, ambayo ni superkondakta, nyembamba kuliko unywele, zilizozamishwa ndani ya shaba. Sumaku ikiwa salama, umeme wote huenda kwenye nyuzi, na shaba iliyo pembeni haipitishi chochote. Sasa chukua waya usogee kidogo mno ukazalisha joto dogo. Sehemu hiyo ya aloi hupoteza hali yake, na aloi hiyo ikishaipoteza ina ukinzani unaozidi ule wa shaba iliyopozwa vilevile zaidi ya mara elfu. Bila shaba, ampea zile zote zingepita hapo na kuuyeyusha waya. Kwa kuwa shaba ipo, umeme unahamia kwake papo hapo, nayo inalitawanya joto. Mara nyingine sehemu ile inapoa, umeme unarudi kwenye nyuzi na hakuna anayejua kilichotokea. Mara nyingine joto linashinda, sumaku nzima inazimika na heli inayoipoza inachemka, kila lita ikigeuka lita 700 hivi za gesi. Gesi hiyo lazima itoke nje kwa bomba lake, kwani ikijaa chumbani inaisukuma nje hewa tunayoivuta. Kila ninapoingia chumba cha IRM, swali langu la kwanza ni bomba hilo linatokea wapi na nani alilikagua mara ya mwisho.

Na si shaba yoyote inayofaa kwa kazi hiyo. Kwenye baridi kali mitetemo hutulia, na kinachobaki kuizuia elektroni ni uchafu peke yake: chembe za metali nyingine, nyufa, mikunjo. Tofauti ndogo ya usafi ambayo fundi wa nyumba hawezi kuiona kwenye waya wa taa inaonekana wazi kwenye heli. Nilipomweleza hili, Papa alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

Nikaongeza la mwisho. Mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller waligundua superkondakta katika kauri yenye shaba na oksijeni. Mwaka uliofuata ikapatikana nyingine ya jamii hiyo inayofanya kazi kwenye digrii 180 chini ya sifuri, baridi ambayo nitrojeni ya majimaji, iliyo rahisi kuliko heli, inaitosheleza. Nadharia ya 1957 haitoshi kuieleza, na wanafizikia bado hawajakubaliana juu ya kinachozifunga jozi za elektroni humo.

"Oksijeni?" akauliza. Kwa watu wa tanuru, oksijeni ndani ya shaba ni uchafu. Wazee wa kazi hiyo waliitoa kwa kuzamisha magogo mabichi ndani ya shaba iliyoyeyuka.

"Oksijeni, Papa."

Akaizungusha bangili yake mkononi, akaniomba nimweleze tena, kuanzia kwenye zebaki.